Mama Leso na Dereva Aliyeogopa King'ora

Mama Leso alikuwa na leso arobaini na tatu. Si za kujifunga, hapana, ni zile ndogo za mkononi, za kufutia machozi na jasho. Mume wake alikuwa fundi cherehani, na kila kipande cha kitambaa kilichobaki mezani kwake kiligeuka leso siku hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyelia mbele ya Mama Leso huenda alipangusa machozi kwa suruali ya sare ya shule, au kwa gauni la bibi harusi, kutegemea wiki hiyo mume alikuwa anashona nini.

Kazi yake ilikuwa ushauri nasaha. Aliifanya hospitalini kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kidogo mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na mashine ya kuchemshia maji iliyokuwa inakoroma kama mtu. Watu waliingia na habari nzito, wakaketi, na kabla hawajafungua kinywa Mama Leso alikuwa amekwisha inamisha kichwa upande, mkono uko mkobani. "Pole, mwanangu. Pole sana. Shika hii." Na wengi walitoka wepesi kuliko walivyoingia. Wauguzi walimpenda. Walinzi walimpenda. Hata daktari mkuu, mtu mkavu kama biskuti, alipofiwa na dada yake alionekana akitoka mle ndani ameshika leso ya maua maua.

Mtu kama huyo ungedhani hana la kujifunza tena. Yeye mwenyewe alidhani hivyo, kidogo.

Kisha likabandikwa tangazo kwenye ubao wa hospitali. Kituo cha zimamoto na uokoaji kilikuwa kinatafuta washauri sita wa kufundishwa tiba ya kiwewe, wawatibu watu wa zimamoto na wa magari ya wagonjwa. Kiwewe ni ile hali ambayo jambo la kutisha limekwisha huko nje, watu wamefagia na kwenda zao, lakini ndani ya mtu mmoja bado linaendelea kutokea. Na hebu fikiria: mtu wa zimamoto anaona kwa mwezi mmoja mambo ambayo sisi wengine tukiyaona mara moja tu maishani tunayasimulia mpaka uzeeni. Anayaona, anarudi nyumbani, anaulizwa, "Umenunua mkate?" Yanakwenda wapi yale aliyoyaona? Hilo ndilo swali lililomtoa Mama Leso kwenye korido yake.

Nyumbani, mama mkwe wake alicheka mpaka akashika meza.

"Miaka hamsini na mmoja, mkwe wangu, unarudi darasani! Utakaa dawati la mbele au la nyuma?"

"La katikati, mama. Nisionekane."

"Na ukifeli?"

"Nitakuletea ripoti uweke sahihi."

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha juu pale kituoni, juu kabisa ya magari mekundu. Kulikuwa na viti vya plastiki, ubao mweupe uliochoka, na harufu ya dizeli iliyopenya katikati ya mbao za sakafu. Dirishani mipira ya maji ilining'inia kutoka kwenye mnara, mirefu kama nyoka waliofuliwa wakaanikwa. Mkufunzi wao alikuwa mwanamume mfupi, mwenye mwendo wa kukimbilia kitu, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa amezima moto kabla ya kwenda kusomea magonjwa ya akili. Watu wote walimwita Komanda.

"Ninyi ni washauri wazuri," aliwaambia siku ya kwanza. "Ndiyo maana nina wasiwasi."

Walicheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi hiyo hiyo walijaribu mazungumzo na watu wa zimamoto waliojitolea. Wa kwanza kujaribu alikuwa kijana mmoja mwenye tai na vitabu vingi, ambaye wenzake walikwisha mpa jina la Profesa kabla ya chai. Profesa akamketisha mzimamoto mgongo wake ukielekea mlangoni. Mzimamoto akageuza kiti. Profesa, kwa adabu zote, akakirudisha. Mzimamoto akakigeuza tena. Walikizungusha kiti mara tatu kama watu wanaopima mahali pa kuweka kabati.

"Profesa," Komanda aliita. "Huyu amefundishwa miaka yote kujua mlango uko wapi. Ukimnyima mlango, maneno yako atayasikia saa ngapi?"

Kiti kikakaa alipotaka mwenyewe. Mzimamoto akashusha pumzi, akaanza kusimulia, "Basi, nilipofika ghorofa ya pili nikasikia..." Kengele ikalia chini. Kiti kikabaki kitupu, hata hakikuwahi kuyumba. Profesa alibaki ameinua kalamu.

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu, mwanangu," Mama Leso alimwambia. "Kuna nyumba inaungua."

Tiba waliyofundishwa ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mgonjwa anafumba macho, anasimulia tukio lake lote kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba linatokea sasa hivi. Anasimulia tena. Na tena, wiki baada ya wiki. Sauti yake inarekodiwa, anakwenda kuisikiliza nyumbani. Mshauri anauliza machache tu, unaona nini, unasikia nini, na kazi yake kubwa ni kubaki pale bila kumkatiza.

"Kwa nini asimulie lote?" Mama Leso aliuliza. "Kama sehemu moja inamchoma, si tuiruke kwanza?"

Komanda alimpeleka dirishani akamwonyesha ile mipira. "Tukirudi kutoka kwenye moto, mpira una maji machafu ndani. Ukiukunja hivyo hivyo unaoza, na siku ukiuhitaji unapasuka. Kwa hiyo tunaunyoosha wote, ncha hadi ncha, tunautoa maji, tunauanika. Umewahi kuona mpira ulionyooshwa nusu?"

"Sijawahi."

"Basi."

Ili kuhitimu, kila mwanafunzi alipaswa kumtibu mtu mmoja wa kweli mpaka mwisho, mbele ya Komanda. Mama Leso alipewa Breki.

Breki alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mabega mapana, mcheshi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu, walisema, katika miaka kumi na mmoja barabarani hakuna aliyewahi kumwona akizitumia. Lakini kwa miezi minane sasa hakuwa ameshika usukani. Alikuwa amewekwa stoo, akihesabu glavu na kupanga machela. Gari likiwashwa king'ora uani, viganja vyake viligeuka barafu na alilazimika kushika ukuta. Hivi mtu anawezaje kuogopa king'ora chake mwenyewe? Hata yeye hakujua. Na Mkuu wa Madereva, bwana ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alikuwa ameweka siku: mwisho wa mwezi ujao Breki afanye mtihani wa barabarani. Akishindwa, anabaki stoo moja kwa moja, na nafasi yake anapewa mtu mwingine.

"Mama," Breki alimwambia siku ya kwanza, akichagua kiti kinachotazama mlango, "mimi stoo nimekwisha jua glavu zote kwa majina. Nirudishe barabarani kabla sijaanza kuzioa."

"Tutarudi, mwanangu."

"Tutarudi sote? Una leseni?"

Alipofumba macho, hata hivyo, mcheshi alitoweka. Akaja mtu anayesoma ripoti.

"Saa saba na dakika ishirini mchana tulipokea wito. Saa saba na ishirini na mbili tuliondoka kituoni. Mgonjwa mwanamume, umri takribani miaka sitini, maumivu ya kifua. Tulimchukua. Mhudumu mwenzangu alikuwa nyuma naye. Mke wa mgonjwa alikaa mbele, pembeni yangu." Hapo sauti ilipungua. "Ameshika miwani ya mume wake. Tukafika njia panda. Kulia ni dakika tano hadi hospitali. Kushoto ni kuzunguka, dakika kumi na moja. Mimi nika..."

Neno halikutoka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mama Leso alimwona kama alivyowaona maelfu wengine, na mkono wake ukaenda wenyewe.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Shika hii. Vuta pumzi. Kunywa maji kidogo."

Breki akajifuta kwa kipande cha pazia la buluu, akanywa maji, akamaliza haraka haraka: "Nikapinda kushoto. Alifariki kabla hatujafika. Ningepinda kulia angeishi. Basi, ndiyo hivyo."

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Alitoka amefarijika, akamshukuru, akashuka ngazi akipiga mluzi, na king'ora kilipolia akashika ukuta.

Wiki ya nne Komanda akaomba wasikilize kinasa sauti darasani. Breki alikuwa ameweka sahihi ya kukubali, akiongeza kwa kalamu chini ya karatasi: wasicheke ninavyokohoa. Komanda akachukua kikombe chake cha chai na kijiko.

"Kila Mama Leso akimwokoa mgonjwa, nitagonga."

Sauti ikaanza. Ripoti, miwani, njia panda. "Pole, mwanangu." Ting! "Pole sana." Ting! "Shika hii." Ting! Kufikia dakika ya saba kikombe kilikuwa kimegongwa mara kumi na nne, chai imemwagika kwenye sahani, Profesa amejificha nyuma ya daftari mabega yakimtetemeka, na Mama Leso mwenyewe anacheka huku uso unawaka moto.

"Lakini Komanda, mtu analia! Nimtazame tu?"

"Leso si mbaya, mama. Sikiliza inakuja wapi."

Akarudisha nyuma. Wiki ya kwanza, njia panda. Wiki ya pili, njia panda. Wiki ya tatu, njia panda. Mara tatu Breki alikuwa amefika ukingoni mwa neno lile lile, na mara tatu alikuwa amepewa maji.

Mama Leso hakucheka tena.

"Huyu anaokoa watu kwa kazi," Komanda alisema taratibu, "na wewe unamwokoa yeye. Pale njia panda kuna nini? Mimi sijui. Wewe hujui. Yeye hajui pia, maana hatujamwacha afike."

Mama Leso alirudi nyumbani akiwa amekasirika, si na Komanda, bali na mkono wake. Miaka kumi na tisa mkono huo ulikuwa ndio uhodari wake. Sasa ulikuwa ndio unaomzuia Breki asirudi barabarani, na zilikuwa zimebaki wiki tano.

Akaamua kufanya mazoezi nyumbani. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Siku ya kwanza mume wake alijichoma sindano ya cherehani kwenye kidole. Akaruka, akatikisa mkono, akanyonya kidole, akamtazama mke wake akisubiri. Mama Leso alikuwa amesimama mlangoni, midomo ameibana kama mfuko uliofungwa kamba.

"Mke wangu? Nimejichoma."

"Naona. Unasikia nini?"

"Nasikia maumivu! Ungetaka nisikie muziki?"

Siku ya pili mama mkwe alijikwaa kwenye zulia akakaa chini kwa kishindo. Hakuumia, ila heshima. Mama Leso akamwinua, akamketisha kitini, akachuchumaa mbele yake, akamtazama machoni kwa upole mwingi, asiseme kitu. Dakika nzima ikapita.

"Haya maajabu," mama mkwe akasema mwishowe. "Mwanangu, njoo! Njoo uone! Nimeanguka puu hapa, na mkeo ananitazama kama televisheni!"

"Mama, yuko masomoni," mume akajibu kutoka chumba cha cherehani.

"Masomo ya kuwafanyia wakwe ukatili? Hayo yana cheti?"

Mama Leso akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, akamkumbatia. Ila alikuwa ameona jambo. Katika ile dakika moja, kabla ya kulalamika, mama mkwe alikuwa amejishika nyonga, na kwa sauti ndogo kabisa alikuwa amesema, "Nilidhani nimevunjika kama mwaka ule." Miaka saba walikuwa wamekaa nyumba moja na hajawahi kuutaja mwaka ule. Jioni hiyo aliusimulia wote, tangu alivyoteleza bafuni hadi alivyolala sakafuni akiita watu ambao hawakuwepo. Alipomaliza akaomba chai, na akala vipande vitatu vya mkate.

Wiki ya sita, kabla ya kupanda ngazi za kituo, Mama Leso alimkabidhi mlinzi wa getini mkoba wake, leso zote zikiwa ndani.

"Nikirudi kuuomba kabla ya saa tano, usinipe."

"Hata ukilia, mama?"

"Hasa nikilia."

Breki akafumba macho. Mama Leso akaikalia mikono yake. Ndiyo, aliikalia kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Komanda alikuwa pembeni, ameegemea dirisha.

Ripoti ikaanza, saa saba na dakika ishirini. Mgonjwa mwanamume. Mke mbele, miwani mkononi. Njia panda.

"Mimi nika..."

Neno halikutoka tena. Jasho likatoka. Mikono ya Mama Leso ilipiga kelele chini ya mapaja yake. Chini gari moja lilikuwa linaoshwa, maji yakisikika yakipiga bati. Alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Alipofika ishirini na kitu aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Uko njia panda. Unaona nini?"

"Naona taa. Nyekundu. King'ora kinalia, magari yananipisha." Pumzi. "Mke anasema, kulia, kulia. Nina..." Alikunja uso. "Ninakata kulia."

Mama Leso na Komanda walitazamana.

"Unakata kulia," alisema Mama Leso. "Halafu?"

"Kuna mtu. Ana kofia ya njano. Anapunga mikono yote miwili. Nyuma yake kuna shimo, mama, shimo refu, wamechimba barabara nzima, mabomba yamelala chini." Sasa hakuwa anasoma ripoti tena, maneno yalikuwa yanatoka yakiwa na upepo ndani yake. "Naweka gia ya nyuma. Ninapiga kelele, mpisheni, mpisheni. Nageuza. Mke ananiangalia. Ninakwenda kushoto kwa sababu... kwa sababu..."

Akafumbua macho.

"Kulia hakukuwa na barabara."

Mama Leso alikuwa na sentensi kumi nzuri mdomoni, zote za kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, na akazimeza moja moja.

"Lile shimo nalikumbuka," Breki alisema polepole. "Lakini nilidhani nililiona kesho yake. Miezi yote hii nililiweka kesho yake, wala sikumwuliza mwenzangu."

Kisha akasimama, akashuka ngazi bila kuaga. Mama Leso akamfuata. Breki alivuka ua, akafungua mlango wa gari namba tatu, gari lake la zamani, akatoa kitabu cha safari kilichokuwa chini ya kiti. Alikuwa hajakigusa tangu siku ile. Akafunua kurasa mpaka akaupata mwandiko wa mhudumu mwenzake, mwandiko mbaya kama wa kuku aliyekanyaga wino: "Kulia pamechimbwa bomba, hapapitiki. Tumezunguka."

Akausoma mara mbili. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akalia kwa sauti, akijifuta kwa mkono wa shati. Katikati ya kilio akaanza kucheka.

"Miezi minane, mama. Miezi minane na zaidi nimejigombeza kwa ajili ya shimo la watu wa maji!"

Usidhani mambo yaliisha hapo. Kichwa kilikuwa kimeelewa, viganja bado. King'ora kilipolia mchana ule alishika ukuta kama kawaida, ingawa aliuachia mapema kidogo. Kwa hiyo wakapanga hatua, na Mama Leso akaziandika kwa namba: kukaa ndani ya gari lililozimwa, kuwasha injini, kuwasha taa, kuwasha king'ora gari likiwa limesimama uani. Kila hatua wanakaa nayo mpaka moyo uchoke kukimbia.

Siku ya king'ora walikaa dakika arobaini. Mama Leso alikaa mbele, pembeni yake, masikio yakivuma. Mpishi wa kituo alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna!" Breki alipaza sauti dirishani. "Tunatibiwa!"

"Basi tibiweni kimya kimya, maharage yangu yanashtuka!"

Katika dakika ya thelathini Breki alipiga miayo. Mama Leso aliandika daftarini: amepiga miayo. Alipigia mstari mara mbili. Komanda alipoisoma jioni alisema hajawahi kuona neno zuri kama hilo kwenye faili la mgonjwa.

Wiki ya mwisho waliipita njia panda yenyewe, bila king'ora kwanza, halafu nacho. Shimo lilikwisha fukiwa zamani, lami mpya imebaki nyeusi kama kiraka. Mara ya kwanza Breki alilowa jasho mpaka kiunoni. Mara ya tano alikuwa analaumu madereva wengine kwa lugha ambayo Mama Leso hakuiandika.

Siku ya mtihani ikafika. Mkuu wa Madereva alipanda gari namba tatu akiwa na fomu kwenye ubao na kalamu sikioni, na mhudumu mmoja nyuma. Washauri hawakuruhusiwa. Gari likatoka getini.

Mama Leso alikaa kwenye benchi la mlinzi. Akasimama. Akakaa. Profesa akamletea chai, naye Mama Leso akasahau kuinywa. Mtihani ulikuwa wa nusu saa. Nusu saa ikapita. Dakika arobaini. Hamsini.

"Amekwama," alimwambia Komanda. "Amekwama njia panda. Niende?"

"Ukafanye nini?"

"Sijui! Nikae naye."

"Gari lina viti viwili mbele na vyote vina watu," Komanda alisema, ila naye alikuwa anatazama barabara.

Ndipo wakakisikia. Kilianza mbali, upande wa sokoni, kikakua, kikajaza mtaa. Gari namba tatu lilitokea kwenye kona taa zote zikiwaka, likapita mbele ya geti bila kupunguza mwendo. Mama Leso aliinua mkono kupunga. Breki hakumwona. Alikuwa ameinama kidogo mbele, macho barabarani, mdomo unasogea, bila shaka anamkaripia mtu wa teksi. Pembeni yake Mkuu wa Madereva alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, fomu imeruka haijulikani iko wapi.

"Wanakwenda hospitali," Komanda alisema. "Huo si mtihani. Hiyo ni kazi."

Na kweli. Walipokuwa katikati ya mtihani redio ilikuwa imeita: fundi rangi ameanguka kutoka kwenye ngazi mtaa wa pili, mguu umevunjika, gari lililo karibu ni lipi? Mkuu wa Madereva alimtazama Breki. Breki alikuwa amekwisha bonyeza kitufe cha king'ora.

Walirudi baada ya saa moja. Mkuu wa Madereva alishuka wa kwanza, tai imehamia begani.

"Mgonjwa anaendeleaje?" Komanda aliuliza.

"Mzima. Amelalamika njia nzima kwamba king'ora kinamuumiza masikio." Akapapasa mifuko akitafuta kalamu iliyokuwa sikioni. "Fomu sijaijaza. Sikupata nafasi. Wewe Breki!"

"Naam, mkuu."

"Kesho zamu ya asubuhi. Saa kumi na mbili kamili."

"Nitafika kumi na mbili kasorobo."

"Kamili nimesema! Usianze kunizidi." Akaondoka haraka kuelekea ofisini, na mlinzi aliapa baadaye kwamba aliona meno mawili.

Kwenye kituo kile kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: dereva aliyerudisha gari ndiye anayeliosha. Breki hakusubiri kuambiwa. Alikunja suruali, akavuta mpira, akafungua maji, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Wenzake walitoka kumzunguka, wakimtania kwamba stoo sasa glavu zitalia.

Mama Leso alisimama kando, akimtazama. Kwenye chumba cha juu kulikuwa na ripoti ya kuandika, na Komanda alikuwa ameshika faili jipya lenye jina la dada mmoja wa zimamoto ambaye, eti, alikuwa amekwisha wakimbia washauri wawili. Badala ya kulipokea, Mama Leso alivua viatu.

"Unakwenda wapi?" Komanda aliuliza.

"Tairi za nyuma hajazifikia."

"Hiyo haimo kwenye mpango wa tiba, mama."

"Najua," akasema, akipandisha sketi na kuingia majini. "Nishikie viatu."